Uliza Kwanza, Saa ya Wapi

Mwanangu, asubuhi ile ya Koboko ninaikumbuka mpaka harufu yake: vumbi lililopigwa na manyunyu, na chai ya tangawizi ya Mama Furaha. Pengine nisingeisimulia leo kama mjukuu wangu Ayikoru asingenijia juzi na kazi ya shule. Mwalimu wao hapa Arua amewaambia wataje vyombo vya mawasiliano wanavyoviona kila siku, na waeleze kila kimoja kinafanyaje kazi. Akakaa mkekani, akahesabu kwa vidole: simu, redio, televisheni, kipaza sauti cha gari linalotangaza mikutano, ngoma ya kanisani. Halafu akaacha kuhesabu, akaniuliza jambo ambalo mwalimu hakuliuliza.

"Bibi, tulipoenda Koboko kwa harusi, simu yangu ilirudi nyuma saa nzima. Mimi sikuigusa. Nani aliigusa?"

Nilicheka mpaka miwani ikanishuka puani. Swali hilo hilo nililiuliza mimi nikiwa msichana wa rika lake, ila siku hiyo sikuwa nacheka.

Nyumbani kwetu ni Aroi. Tulihamia Koboko baba alipopata kazi ya useremala, na nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shule. Nilitaka uuguzi, mwanangu, kuliko kitu chochote. Tangu nilipomwona muuguzi aliyekuja Aroi kuchanja watoto, jinsi alivyowashika bila haraka, nilijua na mimi nataka mikono ifanye vile. Nikaomba nafasi katika shule ya wauguzi iliyokuwa ndani ya ua wa hospitali moja huku Arua. Wakaniita kwenye usaili, saa nne asubuhi. Nafasi zilikuwa chache, na tuliambiwa wazi kwamba asiyefika kwa wakati atakuwa amempa mwenzake nafasi yake.

Basi la Arua lilikuwa moja tu asubuhi, nalo liliondoka saa moja. Siku iliyotangulia, saa yetu ya mezani ilikuwa imesimama. Kwa hiyo kabla ya kulala nikawasha redio nipate saa.

Hiyo redio ilikuwa ya betri, na betri zikichoka tulizianika juu ya bati kama dagaa. Tukiwa Koboko ilishika vizuri sana stesheni moja ya Kongo, yenye nyimbo ambazo ukizisikia hata ufagio hukaa tayari kucheza. Usione ajabu. Kituo cha redio kina mlingoti mrefu unaorusha sauti hewani kwa mawimbi tusiyoyaona. Redio yako inasikiliza wimbi moja tu kati ya mengi yanayopita, na ukizungusha kile kifundo unaihamishia kwenye wimbi lingine. Na mawimbi hayasimami mpakani kuonyesha kitambulisho. Mtangazaji akamaliza wimbo, akasema kwa sauti yake tamu kwamba sasa ni saa tatu kamili. Nikaiweka saa yangu kwenye tatu, nikaitia ufunguo, nikalala na moyo mweupe.

Asubuhi mawingu yalikuwa mazito, jua halikuonekana. Nilitoka nikiwa na nusu saa nzima ya akiba. Njiani niliona watu wengi sana, maduka yamefunguliwa, na nikawasifu moyoni: kumbe watu wa Koboko wana bidii ya kuamka! Nilipofika stendi nikakuta maganda ya karanga na matone ya mafuta ya gari pale basi linaposimama. Nikasimama nikingoja.

Mama Furaha alikuwa mfanyabiashara kutoka Kongo, akiuza chai na chapati ukutani mwa stendi. Alivaa saa mbili, moja kila mkono. Mimi nilikuwa nikidhani ni mapambo.

"Mutoto yangu, unangoja nini?" akaniuliza.

"Basi ya Arua, mama."

"Basi ya Arua? Imeenda kitambo."

"Hapana, mama. Saa moja bado. Nilisikia kwa redio."

"Redio ya wapi?"

Nikamtajia nyimbo. Hakucheka, na ninamshukuru kwa hilo mpaka leo. Aliweka birika chini, akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu.

"Huyu mukono wa kushoto iko na saa ya kwetu Kongo. Huyu wa kuume, saa ya hapa Uganda. Kwetu iko nyuma, saa moja nzima. Nikienda soko ya kule, naangalia huyu. Nikirudi, huyu. Saa yako haina makosa, mutoto. Iko tu ya kule."

Nikaangalia mkono wa kushoto, ukawa sawa kabisa na saa ya mezani niliyoiacha nyumbani. Mkono wa kulia ulikuwa saa moja na nusu. Mtangazaji hakunidanganya hata kidogo. Alisema kweli kwa watu wa kwao. Wenyeji wa mpakani wanalijua jambo hilo kama wanavyojua njia ya kisimani, na wakipatana kukutana huulizana kwanza, saa ya wapi? Sisi wageni kutoka Aroi nani angetuambia? Nikakaa kwenye benchi lake nikalia, mwanangu. Nililia kwa sababu niliiona ile nafasi inakwenda, na sikuwa hata na mtu wa kumlaumu.

"Utalia ukiwa kwa lori ya kwenda Arua," Mama Furaha akasema. "Sasa kwanza Arua wapate habari yako."

Rahisi kusema. Siku hizo simu za mkononi hazikuwapo kwetu. Barua ingekwenda na basi, na basi ndilo lililokuwa limeniacha. Dereva wa lori angeweza kubeba maneno yangu, lakini angenibeba na mimi pia, tungefika pamoja. Nilihitaji kitu kinachokwenda haraka kuliko gurudumu. Mama Furaha alikijua. Zahanati ya misheni ilikuwa na redio ya kuitana, na kila asubuhi saa mbili ilizungumza na hospitali za Arua.

"Saa mbili ya hapa," akasema, akiinua mkono wa kulia. Akamwachia jirani birika, tukakimbia, yeye na kanga yake mbele, mimi na kamasi zangu nyuma.

Kijana wa redio aliitwa Drani. Mbele yake palikuwa na sanduku la chuma lenye taa nyekundu, na waya uliopanda mpaka kwenye mti mrefu nje. Nilisahau machozi kidogo, nikaanza kutazama. Hili halikuwa kama redio ya nyumbani ambayo inasema tu na wewe unasikiliza. Hili lilisema na kusikia, ila si kwa pamoja. Ukibonyeza kitufe unasema, ukikiachia unasikia. Wawili wakibonyeza pamoja hakuna anayesikika. Nimeketi kwenye mikutano mingi tangu siku ile, na mara nyingi nimetamani kila mtu apewe kitufe kile.

Nikaanza kumweleza habari ya betri na nyimbo. Drani akainua kiganja.

"Nyimbo wacha. Wewe nani, iko wapi, unataka nini, saa ngapi. Maneno kidogo."

Nikampa maneno kidogo, kuanzia jina langu. Akabonyeza. "Candiru, ya usaili ya wauguzi. Basi imemuacha Koboko. Anakuja na lori. Atafika saa sita, saa ya Uganda. Rudia."

Akaachia kitufe. Ndani ya sanduku pakawa na mkwaruzo kama karanga zinazokaangwa, kisha sauti ya mwanamume ikatoka mbali sana: "Candiru ya Koboko. Atafika saa nne."

Kumbe maneno yangu yalikuwa yamefika, ila yamefika yakiwa mengine! Drani wala hakushtuka.

"Hapana. Sita. Saa sita, saa ya Uganda. Rudia."

"Saa sita. Saa ya Uganda."

"Ndiyo. Mwambie matroni."

Tukangoja. Nilijikuta nimemshika Mama Furaha mkono, ule wenye saa ya kwao. Mwishowe sauti ikarudi: matroni, mkuu wa wauguzi, amesikia, atangoja mpaka saa sita, ikipita nisijisumbue kuja.

Nilipomshukuru Drani kwa kutuma ujumbe mara mbili, alinitazama kana kwamba nimesema upuuzi. "Mara moja tu," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa bado iko kwangu. Mpaka yeye amerudia, hakuna kitu nimetuma."

Lori lilikuwa la mbao. Nilipanda juu ya mbao, nikafika hospitalini nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu, na sikumbuki kama nililia njiani. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuulizwa na kuondoka. Matroni, mwanamke mrefu asiyependa mzaha, alisimama mlangoni na ufunguo mkononi.

"Wewe ndiye Candiru wa saa ya Uganda?"

"Ndiyo, mama."

"Nani alikufundisha kusema saa ya wapi?"

Nikamweleza kuhusu redio, nyimbo, na mama mwenye saa mbili. Alisikiliza yote. Kisha akaniambia kwamba wagonjwa wake wanatoka pande tatu, Uganda, Kongo na Sudani. "Mama amevuka mpaka na mtoto mgonjwa. Unampa dawa ya kupeleka nyumbani. Utamwambiaje?"

"Nitauliza kwanza saa yake ni ya wapi," nikasema. "Halafu nitamwambia. Halafu atarudia, na mimi nitasikiliza."

Matroni akauchomeka tena ufunguo mlangoni, akafungua. Nilipata nafasi ya mwisho. Nimekuwa muuguzi miaka yangu yote ya kazi, na hakuna mama aliyeondoka na dawa mbele yangu bila kurudia, hata walioniona msumbufu. Na wengi walirudia vingine, mwanangu. Wengi sana.

Sasa nikujibu wewe, Ayikoru. Hakuna aliyeigusa simu yako. Simu nayo ni redio, ndogo tu, inayosema na kusikia kwa pamoja. Kila ilipo hutafuta mnara inaousikia vizuri zaidi, na kama umeiacha ijipangie saa yenyewe, basi inachukua saa ya mnara huo. Koboko minara ya Kongo na ya Sudani Kusini iko jirani, na huko kote leo saa yao iko nyuma ya yetu. Simu yako ilivuka mpaka ukiwa umekaa unakula pilau ya harusi. Haikudanganya. Haikukuambia tu imesikia kwa nani.

Na hiyo ndiyo nasaha yangu kwenu nyote mnaoandika kazi hii ya shule. Jifunzeni minara na mawimbi, muulize mpaka walimu wachoke. Lakini kila chombo, kiwe redio, televisheni au simu, kinasema kutoka mahali fulani, kwa watu fulani. Habari ikikufikia kwenye simu ikiwa imekwisha kupita mikono mingi, hata kama aliyekutumia ni shangazi yako unayempenda, uliza imetoka wapi kabla hujaiweka saa yako sawa nayo. Na wewe ukituma neno, usitosheke kwamba simu imeonyesha alama kuwa limefika. Alama inasema limeingia kwenye simu ya mwenzako. Kama limeingia kichwani, mwenzako peke yake ndiye anayeweza kukuambia.

Mungu awape masikio yanayotulia na ulimi usioona haya kuuliza. Mkichelewa, mpate Mama Furaha wenu pale stendi. Maneno yenu mema yafike yakiwa mazima, na mlango mnaouendea mkute mwenye ufunguo bado amesimama.

Haya, Ayikoru. Sasa rudia nilichosema.