Tulipovuka Kwenda Unguja Wakati wa Kipupwe

Mama yangu alikuwa na dada mmoja tu, Mwanahawa, aliyeolewa Bububu, kisiwani Unguja. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na miwili. Baada ya Idi mama alitaka tuvuke. Nikakataa. Nilimwambia kuwa kaskazi ina joto la kumchosha mtu mzima, na masika yakitukuta huko tutafungiwa ndani, tungoje kipupwe. Akanikubalia, kama wazee wanavyowakubalia watoto wanaowalisha.

Masika yalipokwisha tuliondoka Zinga alfajiri. Njia ilikuwa imekauka, na mama alitembea bila kulalamika, amejitwika kikapu cha choroko za dada yake. Adhuhuri tukafika Bagamoyo, mji umejaa wapagazi walioteremsha pembe za ndovu kutoka bara. Tulipata mashua asubuhi ya pili.

Baharini upepo wa kusi ulitusukuma taratibu. Nahodha akanisifu kwa kuchagua wakati mwema, kwani mwezi uliopita abiria walitapika njia nzima. Nikafurahi moyoni.

Bububu tulimkuta mama mkubwa amekaa mkekani barazani.

"Shikamoo, mama mkubwa," nikasema.

Akaitika marahaba, uso ameuelekeza ukutani. Macho yake yalikuwa meupe.

Mumewe alitueleza kuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimuanza mwaka uliopita. Wakati wa kaskazi alikuwa bado anaona nyuso za watu. Masika ndiyo yaliyommalizia. Alikataza tusiambiwe, tusije tukavuka kwa pupa.

Mama akapiga magoti. Dada yake akampapasa uso, vidole vikasimama kwenye kovu la juu ya jicho.

"Hili nilikutia mimi, kwa mchi," akasema. "Umekonda, Mwanaidi, au vidole vinanidanganya?"

"Nimezeeka, dada."

"Ningependa kukuona ulivyozeeka."

Siku ya nne mama aliniambia nirudi peke yangu. Yeye atabaki amsaidie dada yake. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kurudi mashua ilikwenda kwa kubisha upepo, nikawa na muda mwingi wa kufikiri.

Sasa watu wa Zinga hunijia kuniuliza ni majira gani yanayofaa kwenda Unguja. Nami, kabla ya kusema lolote juu ya mvua au pepo, huwauliza wanakwenda kwa nani, na hali yake ikoje.