Kumbikumbi Hawatoki Mawinguni

Nilimwambia mtoto wa dada yangu kwamba kumbikumbi huzaliwa mawinguni. Si kwa utani. Asubuhi moja baada ya mvua alinijia na mmoja kiganjani, akauliza, "Anko, hii imetoka wapi?" Nami, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, nikajibu kwamba wanazaliwa juu, wanateremka na mvua, na mabawa yao huyeyuka yakigusa udongo. Niliamini hivyo. Nimesoma sekondari miaka minne, lakini kumbikumbi niliowafahamu vizuri ni wale wa kukaangwa, wanaopimwa kwa kikombe sokoni Arua.

Mtoto ana miaka sita. Alilibeba jibu langu mpaka shuleni, akasimama mbele ya darasa, akalieleza lote, pamoja na kuyeyuka. Wenzake wengi wana bibi zao kijijini Ajia, wenye vichuguu nyuma ya nyumba. Walicheka mpaka mwalimu naye akageukia ubao kuficha meno.

Hakulia. Aliacha tu kuniuliza. Huyu ambaye alikuwa hamalizi uji kabla ya kujua konokono analalaje na kwa nini kinyonga anatazama mbele na nyuma kwa pamoja, sasa alikuwa anakula, anaosha sahani yake, basi. Wiki mbili nyumba yetu ikawa na sauti ya cherehani peke yake. Nilijaribu kumchokoza: "Huna swali leo?" Akasema, "Hapana, Anko," kwa adabu kabisa. Ile adabu iliniuma.

Jirani yetu hapa Mvara, mama mmoja anayekaanga chapati upande wa pili wa ua, ni mtu wa Koboko. Mama yake mzazi bado analima kule kijijini kwao, Lurujo, na ana kichuguu chake mwenyewe, maana kule kichuguu kina mwenyewe kama mbuzi. Mimi, ambaye hushona nyumbani na sitoki ila kwenda kanisani, nikamwambia Jumamosi nataka kumpeleka mtoto akaone.

"Wewe?" akasema. "Wewe iko natoka nyumba?"

"Natoka."

"Mpaka Koboko?"

"Mpaka Koboko."

Akafunika unga wake. "Basi mimi nakwenda pia. Hii kitu lazima nione na macho yangu."

Ijumaa mvua ilinyesha. Jumamosi mchana tulikuwa Lurujo, mimi nikiwa na viatu vya kanisani, kwa sababu sina vingine vya safari. Bibi mwenye kichuguu alikuwa ameshakifunika kwa mikeka na kuacha tundu moja, na chini ya tundu shimo lililotandikwa majani. Kando yake akalaza vipande viwili vya mti mkavu, akatugawia vijiti. Kazi ni kupiga ule mti haraka haraka, kwa wepesi, mpaka walioko chini wadhani mvua imeanza. Aina hii hutoka mchana, mradi uwadanganye vizuri. Nikajiambia kwamba kudanganya si kazi ngeni kwangu.

Nikapiga. Bibi akaniangalia kidogo.

"Mwanangu, unapiga kama polisi iko mlangoni. Nani atatoka?"

Nikapunguza. Saa nzima ikapita, hakuna hata mmoja. Jirani alikwenda kuomba maji, akarudi, akaketi. Kiganja changu kilitoa lengelenge, likapasuka. Bibi akasema labda leo hawataki, turudi wiki ijayo. Mtoto alikuwa ameketi mbali, ananyoosha majani, hatazami kichuguu wala mimi. Nikasema sitoki hapa. Nikahamisha kijiti mkono wa kushoto, nikaendelea.

Wa kwanza alichungulia kama mtu anayepima mvua kwa kidole. Kisha wawili, kisha tundu likafurika mabawa. Mtoto akanyanyuka. Sikumwita, alikuja mwenyewe, akachuchumaa karibu na goti langu.

Bibi akamweleza yale ambayo mimi nilipaswa kujua. Kwamba hawa ni ndugu wa mchwa wale wale wanaokula mlango wetu. Kwamba humo ndani mchwa wana shamba, wanalima uyoga gizani, na wengi wao ni vipofu. Kwamba malkia hutaga mayai maelfu kwa siku moja. Akamnyooshea kidole mmoja aliyeponyoka: alitua, akajitikisa, akayaangusha mabawa yake mwenyewe, manne, mazima, kama mtu anayevua koti. Alikuwa jike; akaanza kutembea, na dume mmoja akamfuata nyuma.

"Wanatafuta pahali ya kuchimba nyumba," Bibi akasema. "Huyu mbele atakuwa malkia, huyu nyuma mfalme. Wanaruka siku moja tu. Wakiingia ndani, wanafunga, hawatoki tena mpaka kufa."

Nikasema kwangu hayo ni maisha mazuri kabisa. Hakuna aliyecheka.

Mtoto aliokota bawa, akaliloweka kwa mate, akalisugua kwenye udongo. Halikuyeyuka. Akanitazama usoni, mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

"Anko," akasema, "sasa huyu mfalme akishajifungia, atajuaje huko nje kuna nini?"

Swali! Safari hii nilitaka kufikiri kwanza. Lakini jirani hakuwa na subira hiyo.

"Hajui kitu," akamwambia mtoto. "Ndiyo maana iko nadanganya watoto mambo ya mawingu, sawa na anko yako."