Siku Niliyowashinda Wenzangu kwa Fidla

Nakumbuka vizuri Jumamosi ile ya wazazi, mwanangu, na tangu uliponiambia kwamba shuleni kwenu Nyasubi mmeletewa fidla, moyo wangu unarukaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Nami nilijifunza hivyo hivyo, darasani, katika kundi, shule ya serikali kule Mhunze. Tulikuwa watoto kumi na wawili, fidla sita. Mmoja anapiga, mwenzake anahesabu mapigo kwa mguu, kisha wanabadilishana. Mwenzangu alikuwa Kabula, binti wa jirani yetu. Zamu zake nyingi nilizichukua mimi. Mungu amenisamehe, naye pia.

Mwalimu mkuu hakuzipenda fidla. Alisema zinakula muda wa shamba la pamba la shule. Akatoa sharti: tupige mbele ya wazazi, wakiridhika, somo liendelee, wasiporidhika, vyombo virudi vilikotoka.

Sasa sikia kosa langu. Mimi ni mtoto wa wacheza ngoma. Unazijua ngoma zetu za Kisukuma baada ya mavuno: kundi hili huku, lile kule, na watu wanahama kumfuata aliyewazidi wenzake kwa mbwembwe. Anayebaki bila watazamaji ameshindwa. Nikadhani fidla nayo ni hivyo. Basi tulipoanza tu, nikaongeza kasi, nikatoka mbele, nikatikisa mabega, nikaipiga fidla nikiwa nimeiweka kisogoni! Uwanja ukalipuka kwa vifijo.

"Masanja! Wamalize!" mjomba wangu akapaza sauti.

Nilisisimka hata sikutambua kwamba wenzangu watano wamepotea njia mmoja baada ya mwingine, mpaka upinde wa mwisho ukanyamaza. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Mwalimu mkuu akainuka. "Tumejionea wenyewe. Anayejua ni mmoja, na huyo alizaliwa mcheza ngoma. Kwa mtoto mmoja hatuachi pamba. Fungeni masanduku ya fidla."

Mwalimu wetu wa muziki, mzee mtaratibu aliyeanza kila kipindi kwa sala, akanivuta kando. Hakunipiga, wala hakupandisha sauti.

"Masanja, kwenye ngoma kuna upande wa pili. Hapa ulikuwa unamshinda nani? Kabula?"

Nikamtazama Kabula, ambaye hakuwa amegusa fidla siku nzima. Nikamkimbilia mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe tena? Hujashiba kushangiliwa?"

"Naomba wapige mara moja tu, bila mimi. Kabula achukue fidla yangu."

Akawatazama wazazi, waliokuwa bado wamekaa. "Mara moja. Kisha majembe."

Kabula akaishika fidla, akaninong'oneza, "Ukihesabu haraka nitakung'ata."

Nikahesabu polepole kwa mguu. Moja, mbili, tatu, nne. Mwanangu! Pinde sita zikashuka pamoja, zikapanda pamoja, na sauti ikawa moja, pana kama mvua inayokuja ikivuka mashamba. Nywele zilinisimama! Sikuwa nimegusa hata uzi mmoja, lakini nilitetemeka kwa furaha kuliko nilipokuwa nikishangiliwa peke yangu. Mama Kabula akaipunga kanga yake juu, akilia na kucheka.

"Huyo wa tatu ni wangu! Jamani, ni wangu!"

Vigelegele vikajibu. Baba mmoja akasimama akauliza, "Na wa kwangu ataanza lini?" Mwalimu mkuu akajikuna kichwa, kisha akasema masanduku yasifungwe.

Basi, mwanangu, shika maneno haya. Ukiwa katika kundi, tega sikio kabla hujavuta upinde. Ukiona umemwacha mwenzako nyuma, rudi umchukue. Mpe zamu yake yote, hata kama vidole vinakuwasha. Na ikiwa kazi yako siku hiyo ni kuhesabu, hesabu kwa moyo wako wote. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Mungu hakukupa kipaji ili wengine wanyamaze.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako na masikio yako. Awape wote wa darasa lenu subira ya kujifunza na furaha ya kusikilizana, na awaweke wazazi wenu waje wawasikie. Amina.