Paa la Jikoni

Nyumba yangu ya hapa mtaa wa Manika ina mapaa manne, maana kila mtoto alipozaliwa niliongeza chumba, na kila chumba kikatazama upande wake. Fundi wa sola alihangaika nayo asubuhi nzima. Paa la mbele linakula vumbi la malori ya mgodi, la sebuleni limefunikwa na mparachichi. Mwishowe alisimama juu ya jiko akatangaza kwa sauti kwamba jua la kutwa liko pale tu, akafunga paneli zote hapo.

Mamamkwe, aliyekuja kututembelea, alikuwa uani akimenya mihogo. Alisikia.

Jumapili, mpira ukiwa katikati, televisheni ikazima. Nikapanda ngazi. Mihogo ilikuwa imelala juu ya paneli zote, imepangwa vizuri kuliko paneli zenyewe. Alipandaje na magoti yake yale yanayouma, sikuuliza.

"Tata, fundi alisema jua yote iko hapa," akaniambia kutoka chini, akiniita baba kwa heshima. "Njo kweli, hakudanganya. Muhogo inakauka mbio."

Nilikuwa na maneno mengi. Lakini kwetu mamamkwe hafokewi, hata akikuzimia umeme. Nikashuka, nikamshukuru.

Bukari yetu, ugali wa muhogo, sasa ni nyeupe kuliko ya mtaa mzima. Mpira nautazama kwa jirani.