Pikapu ya Jawahir na Fundi Asiyeacha Kuuliza

Wamalwa ana ugonjwa ambao mafundi wenzake pale Mowlem, Nairobi, wameshindwa kuutibu: udadisi. Ukimpelekea gari lililoliwa na kutu, hashiki mashine mpaka ajue kutu hiyo ilianzia wapi na inafuata nini. Wateja wenye haraka humsonya na kuhamia kibanda cha pili kwa Mideva, ambaye hupachika putty, ule udongo wa kuzibia matundu ya bati, husugua msasa, hupuliza rangi na kukuaga kabla soda yako haijaisha. Tuseme ukweli, kati ya hao wawili, Mideva ndiye anayevaa viatu vizuri.

Asubuhi hiyo aliingia Jawahir, mjane wa Ziwani anayeuza maziwa ya ngamia, na pikapu yake kuukuu. Sakafu ya nyuma ilikuwa imetoboka hadi unaona ardhi. Pikapu hiyo ndiyo inayombebea mitungi kila alfajiri, na sasa kaka yake, Kadar, alikuwa ameshamtafutia mnunuzi wa vyuma chakavu. Ikiuzwa, Jawahir atahamia kwa Kadar kule Njiru, apewe chumba, apewe chakula, apewe kila kitu isipokuwa kazi. Kadar hakuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo lililomtisha Jawahir zaidi, kwa sababu mtu mbaya ni rahisi kumkatalia.

"Fundi, nizibie tu," alisema. "Kadar anakuja mchana na huyo mtu wake. Akiikuta nzima ataniacha."

"Imewahi kuzibwa, mama?"

"Kila mvua ikiisha. Na kila mvua ikirudi inatoboka."

Wamalwa alichukua bisibisi, akaanza kugonga sakafu kwa mpini huku ametega sikio. Penye bati zima palilia vizuri. Penye putty palijibu kwa sauti iliyokufa. Akabandua. Ilikuwa putty juu ya putty, na chini kabisa kipande cha mkebe wa mafuta ya kupikia. Alikigeuzageuza kwa raha zake.

"Buda, si uekelee putty mathe aende job?" Mideva alimwitia kutoka kibandani. "Unapenda stori sana."

"Tulia, nacheki kitu."

Kilichomkera ni kwamba milango ilikuwa mizima, boneti nzima, hata matao ya magurudumu yalikuwa mazima. Mvua gani hii inayochagua pa kunyeshea? Kutu ilikuwa kwenye sakafu ya nyuma peke yake, tena ilikula kuanzia juu kwenda chini.

"Mama, maziwa huwa yanamwagika hapa?"

Jawahir aliudhika waziwazi. Yeye huosha gari kila jioni kwa maji moto, sabuni na klorini. Aulizwe mwanamke yeyote anayeuza maziwa kama kuna anayemshinda kwa usafi.

Wamalwa aliinamia tena lile tundu. Kila jioni? Basi maji hayo yote huenda wapi?

Alitandika katoni akajiingiza chini ya gari. Sakafu ya pikapu kama hiyo huwa na vitundu vya kutolea maji, kimoja kila pembe, na alivikuta mahali pake, ila vimezibwa. Alichokonoa cha kwanza, kikatoka kipande cha kandambili kilichokatwa duara kwa ustadi. Cha pili vilevile, na viwili vilivyobaki. Maji meusi yalimchuruzikia shingoni, naye akacheka peke yake huko chini kwa furaha ya kujua.

Alipotoka na vile vipande mkononi, Jawahir hakucheka.

"Nani aliziba hapa, mama?"

"Ni mimi."

Akaeleza polepole. Pale anapoegesha, jirani mmoja alilalamika kwamba pikapu inadondosha maji ya maziwa mlangoni kwake, nzi wanajaa, na harufu ya ngamia imeingia hadi kwenye mapazia. Alisema hayo mbele ya watu. Jawahir aliona haya sana, na jioni ileile akachukua kisu na kandambili zake kuukuu.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema. "Nimeilaumu mvua miaka yote hii, kumbe ni mimi mwenyewe."

Raha ya Wamalwa ilimwishia. Alitamani angeziba tu kama alivyoombwa. Akashika grinda, akakata bati bovu hadi alipofikia bati zima, akachomelea jipya karibu sakafu yote. Hata Mideva alikuja kumshikia.

Kadar aliwasili na mtu wa vyuma chakavu wakati Wamalwa anapiga rangi ya kuzuia kutu. Mnunuzi aliichungulia sakafu, akatingisha kichwa, akarudi zake. Kadar alibaki akilipapasa bati ukingoni.

"Imekuwa nzuri, dada," alisema, kwa masikitiko kidogo.

Wamalwa alisimama na drili mkononi. Bati jipya halikuwa na kitundu hata kimoja.

"Mama, nitoboe ama niache?"

"Utoboe nini tena?" Kadar aliuliza. "Si umelipwa uzibe?"

Jawahir aliitazama sakafu yake mpya. Jirani yule bado yuko, na mdomo wake bado uko.

"Toboa, fundi," alisema. "Pembe zote. Nitakuwa naiosha kulekule ninakouzia maziwa kabla ya kurudi nyumbani, na akisema tena nitamjibu." Kisha akamgeukia Kadar. "Na wewe, kwako nitakuja siku ya Idi. Nitakula, nitashukuru, halafu nitajiendesha kurudi kwangu."