Gari la Mama Kutoka Songwa

Mama yangu alinunua gari kabla hajajua kuendesha. Majirani zetu wa Ngokolo walidhani anatania, na baba naye alidhani hivyo hivyo, mpaka siku mama aliporudi kutoka kwa wajomba zangu akiwa ameuza ng'ombe wake.

Mama alikuwa Msukuma, mtoto wa wafugaji. Baba alikuwa mtu wa Pangani. Aliletwa Shinyanga na kazi ya kuendesha lori la pamba, kisha akaiacha na kufungua kibanda cha cherehani karibu na soko. Alichoshona baba, mama alikipeleka minadani: kaptula, sketi za shule, magauni ya watoto. Alipanda malori, akakaa juu ya magunia akilikumbatia robota lake, na jioni alirudi macho mekundu, kope nyeupe kwa vumbi. Hakulalamika. Ila mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mvua ilimkuta juu ya lori akiwa na sare za shule nzima. Kesho yake alikuwa anazianika uani, baba akinywa chai, mama akasema, "Baba watoto, nataka gari."

"Lori?"

"Gari. Dogo. La kufungwa milango."

Zikatufikia habari za fundi umeme mmoja wa mgodi wa almasi kule Songwa aliyekuwa anastaafu na kurudi kwao Ukerewe. Alikuwa na gari dogo alilolitumia miaka mingi na familia yake. Tukaenda kwa basi, baba, mama na mimi, mtoto wao wa kwanza. Mama alibeba robota zima la nguo, likatusumbua njia nzima. Baba alipomuuliza la nini, alisema, "Utaona."

Gari lilikuwa limeegeshwa kivulini kando ya nyumba. Rangi yake ilikuwa kama ya maziwa yaliyomwagiwa chai, na mlango wake wa nyuma ulifunguka kwenda juu. Baba alimwamkia mzee yule shikamoo, kisha akafungua boneti, akainama, akasikiliza injini, akaanza kuuliza habari za gia. Mzee hakuficha kitu. Alisema gia ya pili huchomoka mtu akiteremka mlima, na kioo cha kushoto hakipandi mpaka ukisaidie kwa mkono. "Nakuambia sasa," alisema, "ili usije ukanitaja vibaya nikiwa Ukerewe."

Mama alisubiri wamalize. Kisha akauliza kama siti ya nyuma inalala. Mzee akailaza. Mama akaliinua robota lake, akalisukuma ndani, akalizungusha kidogo, akavuta mlango ukashuka na kufunga vizuri kabisa. Akarudi nyuma hatua chache, akaliangalia gari kama watu wa kwao wanavyomwangalia ndama.

Mzee akacheka kwa furaha. "Wote waliokuja walipiga matairi mateke. Wewe umekuja na mzigo wako! Gari ni lako, mama."

"Wabeja, baba," mama alishukuru kwa Kisukuma.

Tulikuwa tunakula ugali na samaki aliotupikia mke wa mzee, fedha bado iko ndani ya kanga ya mama, alipoingia mtu mnene aliyevaa viatu vyeupe. Alikuwa mchuuzi wa dhahabu kutoka machimbo ya Geita, naye alikuwa amesikia habari za gari. Aliambiwa limeshapata mtu. Akasema ataongeza, tena sana. Baba akaacha kula. Nilimwona mama anatazama chini.

"Gari lina mwenyewe," mzee alisema, akamsogezea mgeni maji ya kunawa. "Karibu ule."

Nimekutana na watu wengi wa heshima tangu siku ile, lakini sijaona neno likishikwa kwa utulivu namna ile. Mama alifungua kanga yake hapo hapo. Mzee, kwa kuwa petroli ilikuwa adimu, akatupatia na dumu lake la akiba.

Wakati wa kuondoka, mchuuzi alikuwa amesimama barabarani, basi limeshapita. Mama akamwambia baba asimame.

"Huyu aliyetaka kutunyang'anya?" baba alinong'ona.

"Atalala wapi?"

Akaingia, akabanana na mimi pamoja na robota. Mbele kidogo mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mbuga ya udongo mweusi gari likateleza, likazama matairi ya mbele. Mchuuzi hakungoja kuombwa. Alivua viatu vyake vyeupe, akavipanga juu ya siti, akakunja suruali na kushuka. Mama naye akajifunga kanga kiunoni. Wakasukuma wawili wale, mimi katikati yao, baba akikanyaga mafuta, hadi gari likachomoka na kuturushia tope usoni. Mchuuzi alicheka mpaka akakaa chini. "Dada," alimwambia mama, "ningelinunua mimi, nani angenisukuma?"

Alikula kwetu jioni ile, akalala sebuleni, asubuhi akapanda basi la Geita.

Baba alimfundisha mama kwenye uwanja wa mpira. Alikuwa mwalimu mkali, na mama alikuwa mwanafunzi asiyenuna. Gari likizima, aliliwasha tena bila kumwangalia. Watu walikuja kutazama, wakachoka kucheka, wakaanza kumshangilia. Ile gia ya pili alijifunza kuishika kwa mkono wa kushoto akiteremka, huku ule wa kulia ukiwa kwenye usukani.

Siku aliyotupeleka Buseresere kwa mdogo wake, aliendesha yeye njia nzima. Mama mdogo alipiga vigelegele hadi wenye maduka wakatoka nje. Baba akashuka upande wa abiria, akajinyoosha, akazunguka kufungua mlango wa nyuma. Mwanamume mmoja akamwuliza kama yeye ndiye dereva.

"Dereva yule pale," baba alisema, akaliweka robota begani. "Mimi utingo wake."