Mafundo ya Mpira wa Migomba

Pale kijijini Bukiriro, mipira yote ya shule nilikuwa naifunga mimi. Majani makavu ya mgomba ndani, kamba za mgomba nje, fundo juu ya fundo mpaka mpira unadunda. Nikimaliza, nahodha wetu anauchukua mkononi mwangu na kuniambia nikae nje ya mstari, wasichana hawachezi. Nilikaa. Mabao alifunga yeye, akabebwa juu juu, na hakuwahi hata siku moja kumwambia mtu mpira ule umetoka kwa nani. Mimi kusahau siwezi, nimeumbwa hivyo.

Leo natengeneza taa za kuning'inia kwa ufungaji uleule. Nafunga mpira mkubwa, nauacha utulie, nakata mdomo chini na kuyatoa majani yote. Linabaki gamba la mafundo tupu, na balbu ikiwaka ndani, ukuta mzima unajaa vivuli vya kamba. Nahodha naye ana duka la samani Ngara mjini. Alichukua taa zangu mbili ili akaniuzie. Siku ya maonesho ya wilaya nikamkuta amezitundika, anawaeleza watu kwamba alizibuni mwenyewe kwa kukumbuka mpira wa utotoni. Aliponiona hakushtuka. Akawaambia huyu dada hunisaidia kuandaa kamba. Loo! Mimi, wa kuandaa kamba!

Palepale mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Biharamulo, wa familia ya wafanyabiashara waliotoka pwani, akamwagiza taa za chumba chote cha kulia.

Wiki hiyo nahodha akaja kwangu, eti kunijulia hali. Macho yote kwenye beseni nilimoloweka kamba zangu. Akauliza kama kamba lazima iwe mbichi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimezianika kivulini siku tatu, ndipo nikazilainisha kwa maji, maana kamba mbichi ikikauka husinyaa na kila fundo linalegea.

"Si unaona ilivyolowa?" nikamjibu.

Akaondoka amefurahi, na mimi nikafurahi kumzidi.

Haukupita mwezi akanipigia simu, sauti imenywea. Taa alizofunga mwenyewe kwa kamba mbichi zinafumuka juu ya meza za wageni, niende Biharamulo nikamwokoe. Nilikwenda, kamba zangu kwenye mfuko. Nikampa yule mama shikamoo yake, akaitikia marahaba, akasema anataka kuona taa ikirekebishwa mbele ya macho yake, kwa sababu amechoka na maneno. Nikamkabidhi nahodha kamba, nikamwambia afunge.

Kamba ilikuwa nzuri, ila mafundo alikuwa akiyabahatisha: akafunga, ikafumuka, akafunga tena. Jasho likamtoka. Nilisimama nikimtazama, wala sikumsaidia hata kwa kidole. Mwishowe yule mama akamuuliza taratibu kazi hii hasa ni ya nani.

"Ni ya dada huyu," akasema, macho sakafuni. "Hata mipira ya shule alikuwa anafunga yeye."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri tangu utotoni. Nilidhani siku yakitoka moyo utalainika, nitamwonea huruma. Thubutu. Nikamwambia ayarudie, kwa sauti, na wa jikoni nao wasikie.